Kibuyu cha bibi kimetoa rupia, reale na shilingi za simba: nisaidieni kujua thamani yake

#1 Mjukuu wa Bahi

Mbukwenyi wana Dodoma, na salamu kwenu wote mnaopita hapa.

Bibi yetu mzaa mama alitutoka mwaka jana. Mwezi uliopita tulibomoa tembe lake huku Bahi kwa sababu mvua zilikuwa zimeshaliharibu paa. Katika ukuta wa chumba cha ndani, nyuma ya kihenge cha uwele, tukakuta kibuyu kimezibwa kwa udongo. Tulipokipasua zikamwagika sarafu. Nimezihesabu na mama mara tatu:

Rupia 7 zenye mtu wa masharubu aliyevaa kofia ya chuma yenye ndege. Rupia 2 zenye kichwa cha mama aliyevaa taji, maandishi VICTORIA. Sarafu 20 zenye simba amesimama mbele ya milima. Moja kubwa sana yenye mama aliyejitanda kitambaa, mwaka 1780, imechomelewa kikuku cha kuning'inizia. Mbili za rangi ya njano zimeandikwa 20 HELLER 1916. Na kiganja kizima cha senti zenye tundu.

Mama anasema bibi alisimuliwa na mama yake kwamba rupia zilibaki kibuyuni tangu njaa ya Mtunya, ile njaa kubwa ya Ugogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza, kwa sababu mwaka ule rupia ulikuwa nazo lakini chakula cha kununua hakikuwepo. Nadhani ndiyo maana hazikutumika.

Sasa shida yangu. Tumeshapata bei mbili. Mfanyabiashara mmoja amesema atachukua zote kwa shilingi 2,000 kila moja, bila kuchagua. Mtu mwingine aliyeletwa na mjomba anasema rupia moja peke yake inaweza kufika milioni 50 "ikifaulu kipimo". Kati ya 2,000 na milioni 50 mimi nasimama wapi? Tuko warithi watano na sitaki ndugu zangu wadhulumiwe, wala nisiwape matumaini ya uongo. Naomba mwenye ujuzi anielekeze jinsi ya kupima mwenyewe, siyo kuniambia bei tu.

#2 Kizota Boy

Pole kwa msiba dada. Ushauri wangu usiuze kabisa. Rupia ya Mjerumani ni mamilioni, nimesikia watu wengi wametajirika. Tafuta mnunuzi kutoka nje.

#3 Sonara Mstaafu

Binti, pole kwa kuondokewa na bibi. Nimefanya kazi ya usonara miaka 31, ishirini ya mwisho hapa Dodoma mjini, na swali lako nimeulizwa mezani kwangu mara nyingi kuliko swali la pete ya ndoa. Kaa na kalamu.

Kila sarafu ya fedha ina bei mbili. Ya kwanza ni ya madini yaliyomo. Hiyo haina mjadala, ni mizani na hesabu, na ndiyo sakafu: chini ya hapo umeibiwa. Ya pili ni ya mkusanyaji, mtu anayeitaka sarafu kwa mwaka wake, uadimu wake na hali yake. Hiyo huwezi kuijua mpaka umemaliza ya kwanza. Kwa hiyo tuanze chini.

Rupia ya Mjerumani na rupia ya India ya Malkia Victoria zilipigwa kwa kipimo kimoja: gramu 11.66, na katika kila sehemu 1,000, sehemu 917 ni fedha. Zidisha, unapata gramu 10.69 za fedha tupu kwa rupia moja.

Ile kubwa ya 1780 ni reale, wazungu wanaiita dola ya Maria Theresa. Mwaka huo usikutishe. Malkia huyo wa Austria alifariki 1780 na sarafu yake ikaendelea kupigwa kwa mwaka uleule, Vienna, London, Roma, Bombay na kwingine, hata katika karne ya 20, kwa sababu wafanyabiashara wa Arabuni na pwani yetu walikataa yoyote nyingine. Uzito wake gramu 28.07, fedha sehemu 833 kwa 1,000, tupu gramu 23.4 hivi. Yako ina kikuku cha kuchomelea, kwa hiyo mizani itasoma zaidi. Uzito huo wa ziada ni risasi na shaba ya fundi, usiuhesabu.

Za simba ndizo zinazowachanganya watu. Shilingi ya Afrika Mashariki ina gramu 7.78, lakini ile ya 1921 mpaka 1946 ina fedha robo tu, yaani gramu 1.94. Kuanzia 1948 hazina fedha hata chembe, ni shaba na nikeli. Tenga kwa mwaka kabla hujafanya lolote.

Bei ya fedha duniani hutajwa kwa wakia ya masonara, ambayo ni gramu 31.1. Wakia ya kawaida ni gramu 28.35, na hapo wengi huteleza. Angalia bei ya siku kwenye simu yako. Nakupa mfano wa hesabu tu: tuseme wakia ni dola 30 na dola ni shilingi 2,500. Basi gramu moja ni kama shilingi 2,411. Rupia moja: 10.69 mara 2,411, karibu 25,800. Reale: karibu 56,400. Shilingi ya simba ya fedha: karibu 4,700. Ya 1948 kuendelea: sifuri.

Umeona sasa 2,000 "bila kuchagua" maana yake nini. Yule anajua kabisa rupia ipi na senti ipi, ila anataka wewe usijue.

#4 Mama Nkuhungu

Shikamoo Sonara. Mjukuu wa Bahi, mwanangu, naomba unisikilize kuhusu huyo wa "kipimo". Marehemu mume wangu aliingia katika jambo hilo na lilituvunjia nyumba. Walimwambia rupia ya kweli inavuta punje za mchele, ikiwekwa karibu mchele unasogea. Wakaja na mchele wao, sinia lao, na taa wakazima. Mchele ukasogea. Halafu ikatakiwa laki nne ya kumleta mtaalamu mwenye mashine. Halafu laki sita ya kibali. Tuliuza mbuzi wote, na ng'ombe mmoja aliyekuwa wa ada ya mtoto. Mnunuzi hakuja mpaka leo. Mwambie mjomba wako asitoe hata shilingi mia.

#5 Sonara Mstaafu

Marahaba mama, na pole sana. Mama Nkuhungu amesema kweli tupu. Fedha haivuti kitu. Haivutwi hata na sumaku. Sarafu ikinata kwenye sumaku ina chuma ndani, iweke pembeni. Sinia la mchele linalosogea lina mtu anayelisogeza.

#6 Mwalimu wa Kilimatinde

Naomba niongeze upande wa kusoma sarafu yenyewe, maana hapo ndipo bei ya pili ya mzee Sonara inapoanzia.

Rupia zenye kofia ya ndege ni za Kaiser Wilhelm II, mfalme wa Ujerumani. Geuza upande wa pili. Ukikuta ngao yenye simba na mnazi, na maandishi DEUTSCH-OSTAFRIKANISCHE GESELLSCHAFT, hiyo ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotoa rupia kati ya 1890 na 1902. Ukikuta DEUTSCH OSTAFRIKA na matawi ya mnazi yakizunguka neno RUPIE, hiyo ni ya serikali, 1904 mpaka 1914. Katika hizo za serikali tafuta herufi ndogo: A ni Berlin, J ni Hamburg. Mwaka na herufi vinaenda pamoja. Mwaka uleule unaweza kuwa na herufi mbili, moja ya kawaida na nyingine adimu.

Katika mfululizo wa Kampuni kulikuwa pia na rupia mbili kwa sarafu moja, ya 1893 na 1894, kubwa, gramu 23 na kitu. Hiyo ndiyo wakusanyaji wanaitafuta kwa bei kubwa kweli. Bibi hakuwa nayo, lakini mwingine anayesoma hapa huenda anayo.

Kwa watoto ninaowafundisha sarafu hizi ni somo zima. Kampuni ilitoa na pesa za shaba, pesa 64 kwa rupia moja, zimeandikwa kwa Kiarabu upande mmoja. Serikali ilipobadilisha hesabu ikawa heller 100 kwa rupia. Neno "hela" tunalolitumia kila siku limetoka kwenye heller, na "pesa" tulikuwa nayo tayari kutoka India. Kwa hiyo mtu akisema "sina hela" hapo sokoni Majengo anaitaja sarafu ya Mjerumani bila kujua. Na wazee wa bibi yako hawakuzipata rupia hizo kwa mapambo. Kodi ya kibanda ilianza 1898, rupia 3 vijijini, na kabla ya hapo watu wengi wa Ugogo walihesabu mali kwa ng'ombe. Mtu aliuza mfugo au akaenda kufanya kazi ya reli iliyofika Dodoma 1910, ili tu apate rupia ya kodi. Saba zilizobaki ukutani ni kodi ya miaka miwili na ziada.

#7 Iramba Kwetu

Hizo mbili za njano zisidharauliwe ingawa hazina fedha. Zilipigwa Tabora 1916 kwenye karakana ya reli, vita vikiwa vimefunga bahari na Wajerumani hawapati sarafu kutoka kwao. Utaona herufi T. Ziko za shaba ya njano kama hizo, ziko za shaba nyekundu. Karakana hiyohiyo ilipiga rupia 15 za dhahabu zenye tembo, na dhahabu yake ilitoka Sekenke, kwetu Iramba. Hizo za tembo zilikuwa elfu kumi na sita na kidogo tu. Heller 20 ni nyingi, lakini zina aina tofauti za maandishi na mapambo, na wakusanyaji huzitofautisha. Zipige picha pande zote mbili kabla hujaziuza kwa bei ya chuma chakavu.

#8 Mjukuu wa Bahi

Shikamooni wazee wangu. Nimesoma kila neno. Nina maswali mawili, na moja la aibu kidogo. Kwanza mizani: ya dukani inasoma gramu 5 kwa 5, haifai. Pili, nitajuaje kama uzito uko sawa lakini madini si yenyewe? La tatu, mdogo wangu alishasugua shilingi tano kwa majivu na limau ili zing'ae. Zinang'aa kweli.

#9 Sonara Mstaafu

Marahaba. Mwambie mdogo wako asiguse nyingine. Simlaumu, kila mtu hufanya hivyo. Lakini majivu ni kama mchanga mwembamba, yanakwangua uso wa sarafu, na mkusanyaji akiona mikwaruzo hiyo anashusha bei hata kwa nusu. Ule weusi mnaouona kuwa uchafu ni ngozi ya fedha iliyozeeka, na unapendwa. Tope lililoganda lioshe kwa maji safi, kisha gusisha kitambaa laini mpaka ikauke. Usisugue. Kila sarafu iweke kwenye karatasi yake. Plastiki laini inatoa majimaji ya kijani yanayoila fedha.

Mizani: nenda kwa sonara yeyote mwenye mizani ya tarakimu inayosoma sehemu ya mia ya gramu. Omba upime mwenyewe, sarafu zisitoke mbele ya macho yako. Rupia iliyotumika sana hupungua kidogo, gramu 11.4 au 11.5 ni kawaida. Ikishuka chini ya 11 anza kuuliza maswali.

Sasa kipimo cha maji, ambacho ni vigumu kukidanganya na hakiharibu. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, kisha bonyeza isome sifuri. Funga sarafu kwa uzi mwembamba, izamishe majini ikiwa inaning'inia, isiguse chini wala pembeni. Mizani itasoma namba ndogo. Gawanya uzito wa sarafu kwa namba hiyo. Rupia nzuri: 11.66 gawanya kwa 1.13, unapata 10.3. Reale inatoa 10.2, ila yako kikuku kitaivuruga. Shilingi ya robo fedha inatoa 9.3 hivi. Shaba ya njano iliyopakwa fedha juu inatoa 8.4 au 8.5. Rudia mara tatu, toa mapovu yaliyonata.

#10 Afisa Mstaafu, Dodoma

Neno fupi la sheria, kwa sababu najua wasomaji wengine watachukua jembe usiku huu. Urithi uliokutwa kwenye nyumba ya familia ni jambo moja. Kwenda kuchimba kwenye maboma ya zamani, Mpwapwa au Kilimatinde, kutafuta "mali ya Mjerumani" ni jambo jingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inataka leseni kwa mtu anayechimba kutafuta vitu vya kale, na inataka kibali kwa anayepeleka vitu vya kale nje ya nchi. Ofisi za Wizara ya Maliasili na Utalii ziko hapahapa Dodoma. Nendeni mkaulize, kuuliza ni bure.

#11 Mjukuu wa Bahi

Wazee, narudi na matokeo, na moyo wangu ni mzito.

Jana nilikwenda mjini na mama. Sonara mmoja alituruhusu tukae na mizani yake zaidi ya saa moja, Mungu ambariki. Rupia mbili za Victoria: 11.52 na 11.47. Moja ina neno QUEEN, nyingine EMPRESS. Maji yametoa 10.3 zote mbili. Rupia za Wilhelm, sita kati ya saba, ni 11.4 kwenda juu, maji 10.2 na 10.3.

Ya saba ina gramu 10.05. Tukaipima majini mara nne. 1.19, 1.19, 1.20, 1.19. Ukigawanya ni 8.4.

Mama alikaa kimya, kisha akasema rupia hiyo ndiyo mjomba aliyompa yule mtu wa kipimo akalale nayo usiku mmoja "kuiombea". Siku tunapasua kibuyu nilipiga picha ya zote kitandani. Nimezilinganisha. Rupia ya Kampuni ya 1891 iliyoko kwenye picha, yenye mkwaruzo chini ya sikio la Kaiser, haipo tena. Tumerudishiwa nyingine. Mjomba amelia. Hakuwa na nia mbaya, aliamini.

Kuna habari nyingine, naomba mnisaidie. Kati ya sarafu 20 za simba, moja ni kubwa kuliko wenzake, ina gramu 11.6, mwaka 1920. Maji yametoa 9.7.

#12 Mama Nkuhungu

Pole mwanangu. Pole na kwa mjomba, mkumbatieni, msimtenge. Ile picha itunze na uende nayo polisi.

#13 Mwalimu wa Kilimatinde

Soma maandishi upande wa simba, bila shaka kuna neno FLORIN. Waingereza walipoiondoa rupia Afrika Mashariki walileta florin mwaka 1920, sawa na shilingi mbili, haikudumu hata miaka miwili, shilingi ikaipokea. Karibu zote zina mwaka 1920. Fedha yake ni nusu, kwa hiyo 9.7 yako ni sahihi kabisa, na fedha tupu ni gramu 5.83. Lakini hii usiihesabu kwa gramu. Wakusanyaji wanailipia zaidi ya madini yake, hasa kama uso haujalika.

#14 Sonara Mstaafu

Nimeumia kuhusu hiyo ya saba. Nimewahi kushika rupia za kubadilishiwa za namna hiyo mara tatu, na kila mara mwenye mali alikuwa ameitoa nyumbani kwa usiku mmoja.

Sasa tufunge hesabu ya sakafu. Rupia 8 mara 10.69 ni gramu 85.5. Za simba za fedha, umesema ngapi ni za kabla ya 1948? Nakisia 11 kwa picha uliyotuma: gramu 21.3. Florin 5.8. Reale 23.4. Jumla gramu 136. Kwa bei ya mfano wetu ni karibu shilingi 328,000, toa kidogo kwa kulika. Yule wa 2,000 angewapa elfu 58 kwa rupia hizo 8, za simba zote 20 na reale, jumla 29. Pima mwenyewe.

Ila niwe mkweli upande wangu pia. Sonara hatakupa 328,000. Anayeyusha, anapoteza kidogo, na lazima ale. Na shilingi za robo fedha hatuzipendi, kwa sababu robo tatu ni shaba na madini mengine, kuisafisha fedha hiyo ni gharama karibu na faida yake. Hizo usizilete kwenye moto. Muuzie anayezitaka kama sarafu.

Kujua bei ya mkusanyaji, ingia Numista, orodha ya sarafu iliyoko mtandaoni, ulinganishe mwaka na herufi, kisha eBay, soko la mtandaoni, utazame zilizokwisha kuuzwa. Zinazoombwa ziache, mtu anaweza kuomba milioni 50 miaka kumi na asipate. Tazama hali: je, manyoya ya ndege kwenye kofia yanahesabika? Masharubu yana mistari? Nywele za shingo la simba zimebaki? Vikiwa vimefutika, bei yako iko karibu na sakafu. Vikiwa vikali, inaweza kuwa mara mbili, mara tatu, na kwa mwaka adimu zaidi ya hapo. Reale yenye kikuku mkusanyaji wa sarafu haitaki, lakini kama pambo la mwanamke wa zamani ina mtu wake.

#15 Mjukuu wa Bahi

Ndiyo mzee, ni 11, na FLORIN imeandikwa wazi kabisa.

Tumekaa kikao jana jioni chini ya mbuyu, wote watano na mjomba. Shilingi nane za baada ya 1946 na senti za tundu wamepewa wajukuu wadogo. Shilingi 11 na heller mbili za Tabora tutazitafutia mkusanyaji, polepole, na florin naipiga picha kesho mchana kwenye mwanga wa jua. Kila mrithi amechukua rupia moja ya Wilhelm. Ya sita kapewa mjomba, mama ndiye aliyesema apewe. Za Victoria ziko kwa dada mkubwa.

Reale amevaa mama. Kikuku kilikuwa bado kizima.

Picha ya ile ya 1891 nimeiweka hapa chini. Mkwaruzo uko chini ya sikio, mrefu kama punje ya uwele. Mtu akiletewa mezani, tafadhali aniandikie.